Maneno Saba ya Dirisha la Tisa

Haya ni kweli. Si kweli ya kusikia, wala si kweli ya gazetini. Ni kweli kavu, ya kuapia. Nikiongeza chumvi hata punje moja, jogoo wangu yule mwekundu, yule anayewaamsha mtaa mzima na mnayemmezea mate nyote, achinjwe hapa hapa barazani, supu mnywe nyinyi, mimi nitazame. Basi tulieni. Hata wewe mama wa vyungu uliyeshusha mzigo wako pale ukutani, sogea karibu. Hadithi haina kiingilio.

Palikuwa na nchi. Jina lake silitaji, si kwa woga, ila kwa sababu walilibadilisha mara tatu, na mara ya nne hawakutangaza. Tuiite Nchi Ile. Mtukufu Rais wa Nchi Ile alikwenda ng'ambo kwenye mkutano wa marais. Huko kila mtu alizungumza Kiingereza, na Kiingereza yeye alikijua, alikisoma mpaka kikamvalisha miwani. Lakini wenzake walikuwa wakikitia viungo. Huyu anasema status quo, yule anasema vis-à-vis, wa tatu anasema mutatis mutandis, na ukumbi mzima unaitikia kwa kichwa. Mtukufu naye akaitikia kwa kichwa. Aliitikia mara nne. Alipopanda ndege kurudi nyumbani, nchi yake haikuwa tena na lile ziwa la kaskazini.

Mtu mwingine angejilaumu kwa kutouliza. Mtukufu alikuwa na fikra ndefu kuliko hizo.

"Wananchi," alinguruma redioni, "tumedanganywa! Miaka yote hii tumefundishwa Kiingereza, kumbe Kiingereza ni chungu tu. Mchuzi wenyewe ni maneno ambayo Waingereza wameyaazima kwa wengine, kwa Walatini, kwa Wafaransa, kwa Wajerumani. Walitupatia chungu, wakaficha mchuzi! Kuanzia Jumatatu, taifa hili litakunywa mchuzi!"

Wananchi wakapiga makofi. Wengi wao siku hiyo walikuwa hawajanywa mchuzi wa aina yoyote.

* * *

Jumatatu ikazaliwa Wizara ya Maneno Mazito. Ikapewa jengo la Wizara ya Maji, kwa kuwa maji yalionekana hayana haraka. Sheria yenyewe ilikuwa fupi kama kisigino: raia asiyetamka Neno Husika hapati huduma. Ukiibiwa, polisi hawafungui jalada mpaka useme modus operandi, yaani mbinu ya mwizi. Ukitaka kujenga choo, useme in situ, yaani papo hapo mahali pake. Sokoni wauza nyanya walilazimishwa kubandika caveat emptor, yaani mnunuzi na ajihadhari, na kwa nyanya zile, hiyo ilikuwa mara ya kwanza serikali kuwaambia watu ukweli.

Watu wakazoea. Binadamu ni kama unga, ukimkanda anakandika. Harusini mashangazi walipiga vigelegele na kusema fait accompli, yaani limeshatendeka. Mlevi mmoja alijifunza persona non grata, mtu asiyetakiwa, siku alipotupwa nje ya kilabu, akarudi kesho yake kudai cheti.

Zahanati nazo zikakatwa nusu ili ipatikane nafasi ya madarasa ya maneno. Nusu iliyobaki iliendelea kutibu, kwa sharti dogo tu: mgonjwa athibitishe kwa kinywa chake kwamba yeye ni mgonjwa bona fide, yaani wa kweli, asiye na hila.

Hapo ndipo anapoingia Bi Nyamizi.

Bi Nyamizi alikuwa mfinyanzi wa Bondeni, mwanamke wa makamo, mwenye mikono mipana na vidole vilivyokaukiwa udongo mpaka kwenye mizizi ya kucha. Mume wake, Mzee Masunga, ndiye aliyemchimbia udongo miaka thelathini na sita. Walizika watoto wawili kando ya lile shimo la udongo, nyuma ya tanuri, na walikwisha kukubaliana kwamba na wao watalala hapo hapo. "Tuwe karibu na kazi," Masunga alikuwa akisema.

Alhamisi moja Masunga alishikwa na ngiri. Utumbo ukajinyonga. Kesho yake Nyamizi akampakia kwenye baiskeli ya jirani, akaisukuma mpaka hospitali ya wilaya.

"Ana nini?" akauliza muuguzi.

"Ngiri, mwanangu. Imejifunga tangu jana."

"Sikuulizi wewe, mama. Mgonjwa aseme."

"Naumwa," akasema Masunga.

"Hiyo si kauli, baba."

"Naumwa, mjukuu wangu. Naumwa sana."

"Kila mtu anaumwa. Wewe ni mgonjwa wa namna gani? Maneno mawili tu, la kwanza linaanza na b."

Masunga alisema naumwa mara kumi na moja. Nyamizi alihesabu, maana hakuwa na kitu kingine cha kufanya kwa mikono yake. Baada ya mara ya kumi na moja alinyamaza, akalala kwenye benchi, chini ya bango lililosema Tupo Kwa Ajili Yako. Muuguzi alisubiri kidogo kwa heshima, kisha akaandika kwenye fomu: Hakuthibitisha.

* * *

Maiti nayo ni huduma. Ili itoke chumba cha baridi, mwenye msiba alipaswa kufika Dirisha la Tisa, atamke maneno saba bila kukwama, mbele ya karani. Alipewa siku kumi na nne. Zikipita, marehemu anaandikwa res nullius, yaani kitu kisicho na mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe ni mali ya serikali. Anapelekwa Shimo la Taifa, nyuma ya uwanja wa michezo, anafukiwa pamoja na wenzake wasiojuana, bila jina, bila jiwe.

Dirisha la Tisa lilikuwa dogo, tena la chini, kiasi kwamba karani aliyeketi ndani aliona mikono ya watu tu, hakuona nyuso. Karani mwenyewe alikuwa mtu mpole, wallahi. Mtu wa familia. Kalamu mbili mfukoni, moja nyeusi na moja nyekundu, na chai yake ya saa nne bila sukari. Msimfikirie vibaya. Orodha hakuitunga yeye.

"Mama, unayo maneno?" aliiuliza ile mikono yenye udongo.

"Nina mume wangu humo ndani, mwanangu. Anaitwa Masunga."

"Sikuuliza nani. Nimeuliza maneno."

"Sina."

"Basi nenda darasani. Leo ni siku ya kwanza, bado una nafasi ya kutosha."

Darasa lilikuwa kwenye chumba kilichokuwa cha kujifungulia. Mwalimu alisimama mahali palipokuwa na kitanda cha wazazi, akachapa meza kwa fimbo, na wafiwa arobaini wakaitikia. "De facto!" De facto. "In memoriam!" In memoriam. Mjane mmoja kutoka mjini alikuwa ameshika rozari na daftari. Mzee mmoja alikuja kumtoa pacha wake, akawa akiulizwa kila asubuhi kama yeye ndiye mlalamikaji au marehemu.

Siku ya tatu mwalimu akafundisha habeas corpus, neno la wanasheria. "Maana yake," alisema, "uwe na mwili. Leta mwili mbele yetu."

Nyamizi akasimama pale pale. "Lo! Si ndilo hilo ninalolitaka? Kumbe lipo!" Akatoka mbio, viatu mkononi, mpaka dirishani. "Habeas corpus, mwanangu! Nipe mwili!"

Karani akapekua orodha kwa uangalifu, mbele na nyuma.

"Hilo ni la walio hai, mama. Aliye kizuizini. Marehemu hahusiki."

"Si mwili ni mwili?"

"Mwili ni mwili, lakini orodha ni orodha."

Nyamizi kusoma hakujua, kuandika hakujua, na kichwa cha mtu aliyefiwa ni kama ungo, kila kitu kinapita. Usiku wa sita maneno yote yalikuwa yamemwagika. Kulipokucha akafanya alichokijua. Alifinyanga chungu kidogo, cha kutosha kiganja, na kabla hakijakauka akachora ukingoni kwa mwiba alama saba. Bona fide aliliwekea mstari ulionyooka. Mutatis mutandis, ambalo maana yake ni yabadilike yanayopaswa kubadilika, akalipa nyoka wawili wanaopishana. Requiescat in pace, apumzike kwa amani, akaliwekea nukta moja tu, kama tundu la mchwa. Akawa anatembea na chungu chake barabarani, anakizungusha kwa kidole gumba, midomo inacheza.

Siku ya tisa alifika na yote saba. Karani akamwambia, kwa huruma kubwa, kwamba Wizara imeondoa status quo kwa kuwa hali imebadilika, na mahali pake pamewekwa ad infinitum, yaani bila mwisho. Nyamizi akarudi nyumbani, akafuta alama moja kwa mate na kidole, akachora duara.

Siku ya kumi na mbili alisimama mbele ya Dirisha la Tisa akatamka yote saba, polepole, kidole gumba kikitembea ukingoni. Aliposema requiescat in pace, mtu mmoja nyuma yake kwenye foleni alisema amina.

Karani alinyanyua muhuri. Ulikuwa muhuri mzito wa shaba, mpini wake umevunjika ukafungwa utepe mweusi. Akauweka tena chini.

"Mama, kuna waraka umekuja leo asubuhi."

"Waraka wa nini tena?"

"Marehemu naye athibitishe kwamba anakufahamu. Viva voce. Yaani kwa sauti iliyo hai."

"Mwanangu, mume wangu amekufa."

"Ndiyo, fomu inasema hivyo. Ndiyo maana inatakiwa athibitishe." Akashusha sauti. "Hata mimi nilishangaa, mama. Lakini waraka umepigwa muhuri."

* * *

Sasa lazima niwaeleze jambo, kwa wale ambao kwenu mila imekwisha. Watu wa Bondeni na watu wa Mlimani walikuwa watani. Walipigana vita enzi za mababu, wakachoka, wakapatana kwamba kuanzia hapo watapigana kwa maneno tu. Mtu wa Bondeni akifa, haendi kaburini mpaka mtani wa Mlimani aje amtukane. Mtani huvaa nguo za marehemu, hutembea kwa mwendo wake, huidai maiti, hulala ndani ya kaburi mpaka apewe kitu ndipo atoke. Mfiwa hucheka huku analia, na hapo ndipo msiba unapoanza kutoka mwilini. Na kanuni ya utani ni moja: anayekasirika kwanza ameshindwa, yeye na ukoo wake wote.

Siku ya kumi na tatu, asubuhi, akaja Mzee Mloka wa Mlimani. Alikuwa amepitia kwa Nyamizi, akachukua koti la Masunga lililokuwa nyuma ya mlango, akalivaa, na sasa alikuwa anaikata foleni huku akichechemea mguu wa kushoto, kama Masunga hasa.

"Mke wangu!" akapaza sauti. "Siku kumi na tatu unaniacha nalala na watu nisiowajua! Mmoja ananikoromea!"

Nyamizi akageuka. Akaliona koti, akauona ule mguu, na cheko likamtoka ghafla kama kikohozi.

"Mloka, shetani wewe! Umechelewa!"

"Nichelewe mimi? Aliyechelewa ni huyu bwana wenu. Watu wa Bondeni, uvivu gani huo? Hata kaburini mnataka kubebwa!"

Foleni nzima ikacheka. Watu waliokuwa hawajacheka tangu Wizara izaliwe walishika mbavu. Nyamizi akamweleza habari ya waraka, kwamba marehemu anatakiwa kuzungumza.

"Ni hilo tu?" Mloka akainama, akaingiza kichwa kizima ndani ya Dirisha la Tisa, karani akajikuta uso kwa uso na mtu kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. "Karani! Mimi ndimi Masunga, maiti wa chumba cha baridi. Huyu ni mke wangu. Ananijua, namjua, anapika ugali wenye mabonge. Nitoe!"

Karani akacheka. Nasema kweli, alicheka.

Mlango wa ndani ukafunguliwa, akatoka Mkurugenzi Desideri Malegi. Kwenye kibao cha mlango wake kulikuwa na cheo chake chote: Mkurugenzi ex officio, pro tempore, par excellence, yaani kwa wadhifa, kwa muda, na kwa ubora usio kifani. Akatokea uani, mikono nyuma.

"Kelele za nini?"

Mloka akamtazama, macho yakamtoka kwa furaha. "Desideri! Desideri wa Malegi, wa Bondeni! Mwanangu, baba yako mimi ndiye niliyemlalia kaburi mpaka mkanipa mbuzi! Mbuzi mwenyewe kilema, kakonda kama nyinyi!"

Watu wakaangua kicheko. Na waliokuwa karibu waliona kitu: pembe ya mdomo wa Mkurugenzi ilipanda. Ilipanda kidogo, ikatetemeka. Alikuwa amemkumbuka baba yake, na kaburi, na huyu mzee aliyelala ndani yake akiimba matusi mpaka mama mtu akacheka. Kisha Mkurugenzi akaiona picha ya Mtukufu ukutani, na chini ya picha mtu mmoja asiyefahamika aliyekuwa haombi huduma yoyote, anaandika tu kwenye kijitabu. Pembe ya mdomo ikashuka.

"Hiki anachokifanya kinaitwaje?"

"Utani, mheshimiwa," akasema karani.

"Neno lake kwenye Kitabu?"

Karani akafungua Kitabu cha Wizara. Ukurasa ulitoka ultra vires ukaenda vice versa. Katikati hapakuwa na utani. Akatafuta na kwenye nyongeza.

"Halimo, mheshimiwa."

"Basi na chenyewe hakipo. Kama hakipo, aliyoyasema huyu ni maelezo rasmi. Andika: marehemu amefika, amezungumza viva voce, amemtambua mkewe. Atie dole gumba."

Mloka akatia dole gumba kwa mbwembwe, akalipulizia likauke. "Wino wenyewe mwepesi kama uji wa Bondeni!"

"Mwili utolewe," Mkurugenzi aliendelea, sauti bapa kama meza. "Na huyu aliyekiri kuwa ni marehemu, de facto, kwa hali ilivyo, ni marehemu. Marehemu hazururi uani. Arudishwe alikotoka."

"Chumba cha baridi, mheshimiwa?" akauliza karani.

"Alikotoka."

Jamani, hapa ndipo pagumu. Angekuwa mtu wa kabila jingine lolote, angepiga magoti, angelia, angesema ni mzaha. Lakini Mloka alikuwa mtani, tena mtani mkuu, na alichokisikia yeye ni mtu wa Bondeni akimrudishia utani. Na utani mzuri kweli! Miaka yote alikuwa akimngojea mtu wa Bondeni mwenye akili ya kumjibu, na huyu hapa, mtoto wa Malegi, uso umekauka, hata hatabasamu. Mloka atarudi nyuma kwanza? Mlimani nzima ipate aibu?

"Haya!" akasema. "Twende! Nilikuwa nimelala rafu ya tatu, msinibadilishie!"

Akajiendea kwa miguu yake mwenyewe, anachechemea mwendo wa Masunga. Walipokuwa wanautoa mwili wa Masunga, yeye akapanda kwenye nafasi yake iliyobaki wazi, akakunja mikono kifuani, akafumba macho. Mlango ukafungwa.

Nyamizi alikuwa amesimama na mkokoteni wa kukodi. Walimlaza Masunga juu yake, amefunikwa shuka. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, na maiti wa siku kumi na tatu hangoji. Ndani ya mlango ule wa chuma kukasikika kugonga, ko-ko, ko-ko-ko, kama ngoma ya kumwingiza bwana harusi.

"Mloka!" Nyamizi akaita, mdomo kwenye chuma. "Toka sasa! Inatosha!"

"Nenda ukamzike huyo mvivu!" sauti ikatoka, nyembamba, ya mbali. "Mimi simwachii Desideri. Leo atanipa mbuzi wawili! Nitakukuta kaburini, mke wangu. Msifukie mpaka nije!"

Foleni ikacheka tena, na karani akacheka nayo. Nyamizi akatazama mlango, akatazama mkokoteni, inzi walikuwa wameanza. Akaushika mkokoteni.

Walingoja kando ya shimo la udongo mpaka jua likawa jekundu. Halafu wakafukia. Hakuna aliyemtukana Masunga. Lilikuwa kaburi la kwanza Bondeni kufukiwa kimya.

* * *

Lakini msihuzunike, ndugu zangu, mambo yaliishia vizuri. Saa kumi na nusu jioni, ofisi zilipofungwa, yule karani, ambaye nimekwisha kuwaambia alikuwa mtu mpole, alizunguka nyuma ya jengo, akafungua mlango wa nyuma wa chumba cha baridi. Mzee Mloka akatoka, meno yanagongana, bado anatania. Karani akampa koti lake na chai ya moto, wakaachana njia panda. Mloka akaenda zake Mlimani, akaishi mpaka akang'oka meno yote. Na hadithi yangu ikaishia hapo, aliyecheka amecheka.

"Mlango wa nyuma upi?"

Alikuwa mama wa vyungu. Hakupaza sauti. Alikuwa ameketi pale pale ukutani, mzigo wake mbele yake.

"Wa nyuma, mama. Wa chumba cha baridi."

"Kile chumba kilikuwa na mlango mmoja. Nilikizunguka chote, siku ya kumi na tano. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa mawe."

Barazani watu wakaanza kuchekelea. Nimekamatwa! Mzee kakamatwa! Nikasema labda ni hospitali nyingine, labda miaka imenichanganya. Yeye akaingiza mkono kwenye mzigo, akatoa chungu kidogo, cha kutosha kiganja, cheusi kwa kushikwashikwa, akaanza kukizungusha kwa kidole gumba. Mstari. Nyoka wawili. Duara. Nukta, kama tundu la mchwa.

Uso ule sikuwahi kuuona. Mikono niliijua.

"Kwenye daftari lao siku zilikuwa za Masunga," aliwaambia wenzangu, si mimi. "Kumi na tatu zilikwisha kupita. Yule mle ndani alibakiwa na moja. Nilipotoka matangani nikarudi na mbuzi wawili, nimkomboe. Nikaambiwa Masunga ameshakwenda Shimo la Taifa. Nikauliza aliyekuwa akigonga je? Karani akasema kugonga hakukuwa kwenye orodha." Akanitazama mfukoni. "Kalamu zilikuwa mbili. Nyeusi na nyekundu."

Nikashika mfuko wangu kama mwizi. Barazani hapakuwa na anayecheka tena.

Mloka aligonga mpaka saa nane mchana. Hilo nalo ni kweli, na hili sikulipamba. Mara ya kwanza aligonga kwa mdundo, baadaye bila mdundo. Nilikuwa nimeketi hatua sita kutoka ule mlango, funguo ziko mezani karibu na muhuri, na nilikunywa chai yangu ya pili.

"Jogoo," akasema mama wa vyungu.

Nikaenda kumkamata mwenyewe. Nilimshika miguu na mabawa, jirani akachinja. Supu ikapikwa kwenye chungu kipya alichokitoa mzigoni, na kabla haijapakuliwa yule mama akasimama, akafunga kanga kiunoni, akaanza kutembea kwa mwendo wa mtu mwingine, mtu aliyekuwa akiigiza mwendo wa mtu mwingine, anachechemea mguu wa kushoto.

"Mloka!" akalia. "Mlimani wote wajinga lakini wewe umezidi! Umetumwa kumwimbia mwenzio, ukaenda kulala mahali pake! Koti la watu hujalirudisha mpaka leo! Usiku ule wa mazishi nilijisemea nitakuletea mbuzi wawili, ukashindwa kungoja siku moja, mroho wewe!"

Watu wakacheka, kama inavyopasa, na wengine walikuwa wanalia. Alimtukana mpaka sauti ikakatika. Kisha supu ikanywewa. Mimi nilitazama, kama nilivyoapa.

Nilikuwa nangoja zamu yangu. Nani asiyejua? Tusi la mtani ni maji ya kuoga, ukishatukanwa umesamehewa. Alipokuwa anajitwisha mzigo nikasogea, nikainamisha kichwa.

"Na mimi je, mama? Huniambii neno?"

Akanitazama vizuri, usoni, kwa muda mrefu.

"Ahsante kwa jogoo, bwana karani," akasema, kwa adabu zote. "Nashukuru kwa huduma."

Akaenda zake.